Kisa cha Vipimo vya Mandolini

Msomaji, huenda umepata kuiona mandolini, ala ndogo yenye nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili. Ni ya ukoo mmoja na udi unaousikia katika taarabu, kwani udi uliingia Ulaya kutoka kwa Waarabu, na huko ukazaa ala nyingine nyingi. Lakini ukiziweka mandolini mbili kando kando, waweza kushangaa kuona kwamba hazilingani. Moja ina tumbo la mviringo kama bakuli, nyingine ni bapa. Moja ina nyuzi ndefu kidogo kuliko mwenzake. Je, mafundi walikosea kupima? La, hasha. Kila kipimo kina sababu yake, na sababu hizo ndizo historia yenyewe.

Kwanza yakupasa kutenga vipimo viwili. Cha kwanza ni urefu wa uzi unaotetema, toka kizingiti kidogo kilicho juu ya shingo hata kidaraja kinachosimama juu ya ubao wa kifua. Urefu huo ndio unaoamuru mahali pa kila kijiti cha chuma kinachoikata shingo. Kijiti cha 12 hukaa nusu ya njia kamili, na hapo uzi hutoa sauti ileile, ila oktava moja juu. Kipimo cha pili ni ukubwa wa kiwiliwili, yaani sanduku la mbao linalokuza sauti. Cha kwanza ni shauri la vidole. Cha pili ni shauri la masikio.

Katika karne ya 18, mafundi wa mji wa Napoli, Italia, hasa wa jamaa ya Vinaccia, walitengeneza mandolini yenye tumbo la bakuli. Waliipa sauti za fidla, yaani G, D, A na E, na nyuzi za kiasi cha sentimita 33, karibu sawa na za fidla. Kwa hiyo mpiga fidla aliyeishika mandolini alizikuta sauti zake papo hapo alipozizoea. Uzi wa juu ulikuwa wa utumbo wa mnyama, nao haukuvumilia kuvutwa sana. Katika karne ya 19 Pasquale Vinaccia alitia nyuzi za chuma cha pua, akarefusha ubao wa vidole. Sauti ikapata nguvu, lakini mbao nazo zikabeba mzigo mzito zaidi.

Baadaye mandolini ilivuka bahari. Mwaka 1880 kundi la wanamuziki wa Kihispania lilifika New York na ala zao zinazofanana na mandolini. Watu wakazipenda mno, na Waitalia waliokuwa wakikaa Marekani wakajitokeza na mandolini zao. Punde si punde vikaundwa vikundi vikubwa vya wapigaji, na hapo likazuka swali jipya: ala moja ndogo yawezaje kuimba sauti zote, nyembamba na nzito?

Jibu lilikuwa ni kuunda jamaa nzima: mandolini, mandola, na mandoselo. Lakini tazama ugumu uliokuwapo. Uzi ukivutwa kwa nguvu ileile, ukitaka sauti ishuke, sharti uurefushe. Mandola iko noti ya tano chini ya mandolini. Kama mandolini ina uzi wa sentimita 35, mandola ingetaka zaidi ya sentimita 52, na mandoselo ingetaka kama 105! Ni mkono wa nani ungefika? Kwa hiyo mafundi walinenepesha nyuzi na kuzizungushia waya, kwani uzi mzito hutetema polepole. Kwa njia hiyo mandola ya kampuni ya Gibson iliishia kwenye sentimita 40 hivi, na mandoselo kwenye 63. Kipimo kikawa mapatano baina ya sheria ya uzi na kiganja cha mwanadamu.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1902 mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, ikachukua jina la fundi Orville Gibson. Yeye aliliacha bakuli la Napoli, akauchonga ubao wa kifua na wa mgongo ukawa na mbinuko kama wa fidla, naye akapewa hataza mwaka 1898. Waswahili husema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mwaka 1922 ikatoka mandolini iitwayo F-5, chini ya usimamizi wa Lloyd Loar. Hapa zingatia sana: urefu wa nyuzi haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni kwamba shingo ilitokeza zaidi nje ya kiwiliwili, na kidaraja kikasogea karibu na katikati ya kifua. Tundu moja la mviringo likaacha nafasi kwa matundu mawili kama ya fidla. Sauti ikawa kali na ya kufika mbali. Lakini wakati ulikuwa umepita. Watu walikuwa wakizigeukia ala nyingine, na Loar akaiacha kampuni mwaka 1924.

Je, kazi ile ilipotea bure? Katika jimbo la Kentucky alizaliwa Bill Monroe mwaka 1911. Kaka zake walikwisha kuchukua fidla na gitaa, naye akabakiwa na mandolini. Katika miaka ya 1940 alinunua F-5 iliyotengenezwa mwaka 1923, na kwa ala hiyo akaukuza muziki uitwao bluegrass. Loar alikuwa amekwisha kufa mwaka 1943, asiusikie.

Basi msomaji, siku utakapoona kipimo cho chote, cha ala, cha jahazi au cha mlango, usikipite kama nambari tupu. Uliza ni nani aliyekichagua, na alikuwa akitafuta nini.