Chombo Kilichoshonwa na Mawimbi ya Pwani Yetu

Maji ya Mto Ubungo huteremkia Msimbazi, na Msimbazi hutokea baharini penye Daraja la Selander. Kwa hiyo hata sisi tukaao Ubungo, mbali na harufu ya pwani, hatuna udhuru wa kutovijua vyombo vya bahari hiyo. Aghalabu huhesabiwa kuwa dhaifu kwa sababu vya kale havikuwa na misumari. Neno hilo lataka kupimwa.

Myunani mmoja wa karne ya kwanza, mtungaji wa Periplus, ataja soko la Rhapta upande huu wa Afrika, na asema kuwa jina lake latokana na mashua zilizoshonwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aeleza katika habari za safari zake sababu ya kushona: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa kwa kamba kina ulaini, hakipasuki upesi. Mtepe wa pwani ya Lamu na Wabajuni ulikuwa wa ukoo huo. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka. Wimbi lilipopita chini yake, mbao zilijinyonga kidogo, kisha zikarudi mahali pake. Hatusemi kuwa haukuwa na ila: ulivuja sana, na mabaharia hawakupumzika kufua maji.

Ngalawa ina jawabu lingine, au tuseme ni lile lile kwa namna nyingine. Gogo la mwembe lililochongwa ni jembamba mno; peke yake lingepinduliwa na wimbi dogo. Basi hukingamishwa miti miwili, ndiyo matengo, na kila upande miti hiyo ikabeba ubao wa mshazari. Chombo kikilalia demani, ubao wa upande huo hukanyaga maji, na kadiri kinavyokwenda mbio ndivyo maji yanavyousukuma juu. Ngalawa iliyosimama hukosa msaada huo, jambo ambalo mgeni halitambui. Tena matengo hufungwa kwa kamba, ili wimbi la ubavuni likija kamba zilegee kidogo, mti usivunjike. Hata hivyo nahodha mwenye akili hangojei jaribio hilo. Wakati wa kusi hupunguza tanga mapema, na wimbi kubwa hulipokea kwa mshazari wa omo.

Mtepe ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Walioujenga upya Unguja mwaka 2003 iliwabidi kutegemea picha na mifano midogo, maana hapakusalia hata mmoja wa kutazamwa. Kwa ngalawa hatujafika hapo. Ziko bado Kunduchi, kati ya mashua za injini, na mwanafunzi aondokaye Ubungo asubuhi aweza kufika kabla ya adhuhuri, akawauliza wenyewe kwa nini ule ubao haulazwi sawasawa.