Kutoka Daraja III C hadi MEWAKA: Majina ya Mafunzo ya Walimu Kazini katika Shinyanga na Geita

Neno cheti, lenye asili ya Kihindi, lilimaanisha kwanza kikaratasi cha ujumbe au ruhusa. Maana hiyo haijafutika katika historia ya ualimu nchini Tanzania: swali la mwalimu limekuwa daima kikaratasi hicho kinamruhusu kuingia wapi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, vyuo vya ualimu havikutosha. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha huku wakisoma kwa posta, kwa redio na katika vikundi chini ya waratibu. Zaidi ya 35,000 walifuzu. Shinyanga na Geita, wakati huo wilaya ya Mkoa wa Mwanza, kijana huyo alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kufundisha kusoma, na kufundisha Kiswahili kwa watoto waliokuja darasani na Kisukuma.

Daraja III C lilikuwa la chini, lakini lilikuwa daraja. Juu yake palikuwa na III B na III A, na aliyepanda alipanda na mshahara. Pamoja na hayo, “mwalimu wa UPE” likawa jina la dharau. Miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi (ndiyo miaka ambayo migodi ya Geita na Bulyanhulu ilianza kazi), wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi sana na kupelekwa madarasani. Rasmi waliitwa walimu wa leseni. Mitaani waliitwa “voda fasta”, jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Lugha ya watu haikutofautisha aliyesoma miaka kadhaa kazini na aliyeandaliwa kwa majuma machache, na hapo haikumtendea haki yule wa kwanza.

Mpango wa EQUIP-Tanzania ulipoanza 2014, Shinyanga ilikuwamo. Mkoa wa Geita, uliozaliwa 2012, haukuwamo. Hivyo walimu wa Kahama walipata moduli za mpango huo za kufundisha kusoma, ilhali wenzao wa Bukombe, waliokuwa mkoa mmoja nao miaka miwili nyuma, hawakuzipata. Lakini moduli si daraja: aliyeimaliza alibaki na cheo chake.

Sasa yapo Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanayofanyika shuleni katika jumuiya za ujifunzaji na kwa njia ya mtandao. Kivumishi “endelevu” kimeondoa mwisho, na pamoja na mwisho kimeondoa mtihani na jina jipya la kuitwa. Mwalimu wa III C alijua atakuwa nani akimaliza. Wa MEWAKA hamalizi. Wakati huohuo Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018 imelirudisha neno leseni, safari hii kama heshima ya mwanataaluma, kwa walimu ambao baadhi yao walianza kazi wakichekwa kwa neno hilohilo.