Ng'ombe, mpunga na mbolea: Jinsi kilimo kinavyoongeza joto duniani

Ukisikia gesi joto, huenda akili inakimbilia moshi wa magari na viwanda. Lakini shamba nalo limo. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, linakadiria kuwa kilimo, ukataji misitu na matumizi mengine ya ardhi vilitoa takriban asilimia 22 ya gesi hizo mwaka 2019.

Zinatoka wapi?

Ng'ombe: Dunia ina ng'ombe bilioni 1.5 hivi. Vijidudu vya tumboni mwao huvunjavunja majani na kuzalisha methani. Wengi hudhani gesi hiyo hutokea nyuma. Hapana, nyingi hutoka mdomoni, ng'ombe anapocheua. Mbuzi na kondoo pia wamo.

Mpunga: Maji yakituama shambani, hewa haifiki kwenye udongo. Vijidudu visivyohitaji oksijeni hustawi na kutoa methani.

Mbolea: Iwe ya dukani au samadi, nitrojeni ambayo mmea haukuitumia inaweza kugeuka nitrasi oksidi. Kwa miaka 100, kilo moja yake hupasha joto mara 270 hivi kuliko kilo ya kaboni dioksidi.

Kwa nini methani inaangaliwa zaidi?

Kwa miaka 20, nguvu yake ni takriban mara 80 ya kaboni dioksidi. Ila haikai sana angani, ni kama miaka 12 tu. Yaani ukiipunguza leo, nafuu inakuja mapema. Ndiyo maana mwaka 2021, huko Glasgow, zaidi ya nchi 100 ziliahidi kuipunguza kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2020.

Nani alipe?

Hapo ndipo pagumu. Denmark itaanza kutoza kodi ya gesi za mifugo mwaka 2030. New Zealand nayo ilipanga kuwatoza wafugaji, wakaandamana na matrekta, na mwaka 2024 serikali ikarudi nyuma.

Zipo njia zisizohitaji kodi. Shamba la mpunga likiachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena, methani hupungua na maji huokolewa. Tanzania hilo hufanyika kwenye kilimo shadidi. Na kwa mfugaji wa ng'ombe wawili watatu, malisho bora na chanjo huongeza maziwa, hivyo kila lita hubeba methani kidogo. Hapo mfukoni kwake pia kunanufaika.