Buck dhidi ya Bell

Buck dhidi ya Bell ni kesi ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua tarehe 2 Mei 1927 kwa kura 8 dhidi ya 1, ikiruhusu jimbo la Virginia kuwafunga kizazi kwa lazima watu walioitwa taahira. Carrie Buck, mwanamke ambaye kesi hiyo ilimhusu na aliyefungwa kizazi mwaka huohuo, alisema mimba yake ilitokana na kubakwa na jamaa wa familia iliyomlea. Shuleni, ingawa aliitwa taahira, alikuwa akifaulu. Leo ibara ya 23 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu (2006) inalinda ndoa, uzazi na elimu ya uzazi kwa watu wenye ulemavu. Hukumu yenyewe haijatenguliwa waziwazi.