Jinja, Mji wa Mizimu na Majivu

Jinja ni mji wa Uganda ulioko ukingo wa mashariki wa Mto Nile, pale mto unapotoka Ziwa Victoria, kilomita 80 hivi mashariki mwa Kampala. Ziwa hilo hupokea mito mingi lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango wenyewe ni huo. Mvua inayonyesha Masimba na vilima vingine vya Gusii, magharibi mwa Kenya, huteremka kwa mito kama Gucha na Sondu hadi ziwani. Sehemu kubwa hugeuka mvuke huko, na inayosalia hupita Jinja, ikaendelea na safari ndefu kupitia Sudan Kusini na Sudan hadi Misri. Wasoga, wenyeji wa mji huu, wanauita mto Kiyira. Kwao ni makao ya mizimu. Wahindu wa Afrika Mashariki nao waliupa heshima ambayo kwao India hupewa Ganga.

Kipimo cha mji mtakatifu wa mtoni, kwa Wahindu, ni Varanasi, ambao pia huitwa Banaras au Kashi. Mji huo ni miongoni mwa miji ya kale zaidi duniani ambayo haijawahi kuhamwa. Ngazi za mawe, ziitwazo ghati, zaidi ya 80, zinashuka kutoka mjini hadi majini. Alfajiri watu huoga wakilielekea jua linapochomoza ng'ambo ya pili, na katika ghati mbili, Manikarnika na Harishchandra, maiti huchomwa kwa kuni usiku na mchana. Anayefia Kashi, kwa imani yao, huepukana na mzunguko wa kuzaliwa upya, na ndiyo maana wazee wengine huhamia huko wakingojea siku zao. Mto Ganga, ambao kwa ujumla unaelekea kusini-mashariki, hapo Varanasi hupinda ukaenda kaskazini, na waumini huona katika kona hiyo ishara ya mto kurudi kuelekea milima ulikotoka. Nile nayo inatoka Jinja ikielekea kaskazini.

Hapo ulinganifu unakwisha. Jinja hauna ngazi za mawe wala mahekalu ya kale, na kama mji haujatimiza hata miaka 150. Utakatifu wake ulikuwa katika miamba na maji yenyewe, nao ulikuwapo kabla ya nyumba ya kwanza ya mabati.

Kwa Wasoga, maporomoko ya mto yalikuwa na wenyewe. Mzimu mkubwa kuliko wote uliitwa Budhagaali, na maporomoko yaliyochukua jina lake, ambayo ramani huyaita Bujagali, yalikuwa kilomita 8 hivi chini ya mlango wa ziwa. Mzimu ulikuwa na mtu wake, aliyepandwa nao na kusema kwa niaba yake. Mtu huyo anapofariki, mzimu humchagua mwingine. Simulizi zinasema kwamba anayedai kuchaguliwa ilimbidi athibitishe kwa kuvuka maji yale makali akiwa ameketi juu ya nguo ya gome la mti. Mahali pa ibada hapakuwa na fahari: mti mkubwa, mwamba, kibanda cha nyasi, mikuki na vyungu. Watu walileta kuku, mbuzi na pombe, wakaomba mtoto, mvua, samaki au kinga ya vita. Abagusii nao wana mahali pao pa kuogopwa, Ngoro ya Mwaga katika majabali ya Manga, ila huko jambo ni jabali na shimo, si mto.

Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika penye maporomoko ya mlango wa ziwa, akayaita Ripon kwa heshima ya kiongozi wa chama cha jiografia kilichomtuma. Maelezo yake yana picha ya siku ya kawaida ya kazi: samaki wakiruka juu ya maji kwa maelfu, wavuvi Wasoga na Waganda wamekaa kwenye miamba na fito zao za ndoana, viboko na mamba wamelala majini, na watu wakivushwa kwa mitumbwi juu kidogo ya maporomoko. Speke alitangaza kwamba amegundua chanzo cha Nile. Wengi Ulaya hawakukubali, mpaka Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa zima mwaka 1875 na kuthibitisha kwamba hakuna mlango mwingine.

Kisa ambacho hakitajwi sana ni kwamba Speke alikuja na karatasi yenye asili ya Banaras. Kanali Rigby, balozi wa Uingereza Zanzibar, alimpa makala ya Francis Wilford, afisa katika jeshi la Waingereza aliyeishi Banaras miaka mingi na kufia huko mwaka 1822. Mwishoni mwa karne ya 18 Wilford alidai kwamba vitabu vya kale vya Wahindu, Purana, vinaeleza Nile na ziwa inakotoka. Makala iliambatana na ramani, na Speke aliichapisha katika kitabu chake cha 1863, akiwasifu Wahindu wa kale kwa kuujua mto kuliko wanajiografia wa Ulaya. Hakujua, au hakujali, kwamba mwaka 1805 Wilford mwenyewe alikwisha kukiri hadharani: mwalimu wake wa Kisanskriti alikuwa akibadilisha maandishi ili mzungu apate kusoma aliyotaka kusoma. Kwa hiyo uzi wa kwanza unaounganisha mji wa Ganga na mji wa Nile ulisokotwa kwa maandishi ya kughushi. Uzi wa pili ulikuwa wa watu na biashara, nao haukukatika upesi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika pwani za ziwa za Buganda na Busoga. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru wakazi wa ufukweni na visiwani wahamishwe, nao wakaondoka wakiacha makaburi na mahali pao pa matambiko. Katika miaka hiyohiyo Jinja, uliokwisha kufanywa makao ya serikali ya Busoga, ulianza kukua. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli kama Winifred na Sybil zilibeba abiria na mizigo kuvuka ziwa. Mwaka 1912 reli nyingine ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali kubeba pamba ya Busoga. Wahindi walikuja na meli hizo. Allidina Visram, Mwismaili aliyeanzia Bagamoyo na Zanzibar, aliweka duka Jinja kama alivyoweka katika vituo vingi vya bara. Wagujarati walijenga vinu vya kuchambua pamba. Muljibhai Madhvani, aliyewasili Uganda mwaka 1908 akiwa kijana, alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, nje kidogo ya Jinja, mwaka 1930. Barabara za mji zikajaa maduka yenye baraza mbele na makazi nyuma, mengine yana jina la mwenyewe na mwaka wa kujengwa juu ya mlango hadi leo.

Wahindu miongoni mwao walikuwa mbali na Ganga. Zamani, kwa watu wa matabaka ya juu, kuvuka bahari kulikuwa mwiko uliomtia mtu unajisi. Lakini desturi yao yenyewe ilikuwa na njia ya kutoka: anayeoga popote huweza kuitaja mito saba, Ganga ikiwa ya kwanza, na maji yaliyo mbele yake yakahesabiwa kuwa ndiyo hayo. Familia nyingi pia ziliweka nyumbani maji ya Ganga katika chombo kidogo cha shaba kilichozibwa, kwa ajili ya kumdondoshea mtu mdomoni anapokata roho. Maiti huchomwa, na majivu hukabidhiwa maji yanayotembea. Jambo hili bado huwashangaza majirani wengi. Kenya ilijadili sana mwaka 2011 Wangari Maathai alipochomwa Kariokor, Nairobi, kwa wasia wake mwenyewe, na kwa Abagusii, ambao hawaoni mazishi kuwa mazishi mpaka mtu alazwe katika boma lake, kumkabidhi marehemu kwa mto ni kumpoteza. Kwa Mhindu ni kinyume: kumzika ndiko kumfungia.

Tukio lililoufanya Jinja ujulikane India lilikuja mwaka 1948. Mohandas Gandhi aliuawa Delhi tarehe 30 Januari, akachomwa kesho yake kando ya Mto Yamuna. Sehemu kubwa ya majivu ilimiminwa tarehe 12 Februari mahali Ganga na Yamuna zinapokutana, Allahabad, na sehemu nyingine zikagawanywa kwa mito mingi ya India na ng'ambo. Fungu moja lilimiminwa katika Nile, Jinja, mwaka huohuo. Gandhi hakuwahi kufika Uganda. Afrika Mashariki aliiona pwani yake alipokuwa safarini kwenda Afrika Kusini mwaka 1893, na Lamu nusura meli imwache. Mto wake wa Afrika ulichaguliwa na wengine.

Miaka sita baadaye, maporomoko ya Ripon yalikuwa yametoweka. Winston Churchill alipopita Jinja mwaka 1907 alishangaa kuona nguvu nyingi hivyo ikipotea bure, na serikali ya kikoloni hatimaye ilimsikia. Bwawa la Owen Falls lilijengwa kilomita chache chini ya mlango wa ziwa, na Malkia Elizabeth II akalifungua tarehe 29 Aprili 1954. Misri, iliyoogopa kukatiwa maji, ilikuwa imepatana na Uingereza mwaka 1949 kwamba mhandisi wake akae Jinja kuangalia mtiririko, nayo ikachangia gharama ili bwawa liinuliwe zaidi. Ziwa zima likawa tangi la akiba. Miamba ya wavuvi wa Speke ikafunikwa. Umeme ulileta kiwanda cha nguo, cha bia na cha kuyeyusha shaba ya Kilembe, na Jinja ukawa mji wa viwanda wa Uganda. Teremko lilelile la maji lililowafanya watu watoe kafara ndilo lililowavutia wahandisi. Kila mahali patakatifu pa mto huu palikuwa pia mahali pazuri pa kuweka mtambo.

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Mji uliokuwa na Wahindi wengi ulibaki na maduka yaliyogawiwa watu waliopendelewa, mahekalu yakakosa waumini, na Kakira ikadorora. Familia ya Madhvani ilirudi mwaka 1985, na wengine wakafuata mali ziliporudishwa rasmi katika miaka ya 1990. Sanamu ya Gandhi ilisimamishwa penye bustani ya chanzo cha Nile na kuzinduliwa mwezi Oktoba 1997 na waziri mkuu wa India, Inder Kumar Gujral.

Budhagaali hakupata bahati hiyo. Kampuni zilizotaka kujenga bwawa la pili zilikuta kwamba mzimu una msemaji wake aliye hai, naye hakutaka uhamishwe. Matambiko ya kuuhamisha yaligharimiwa kama kipengele kimojawapo cha mradi, na mtu wa mzimu alipokataa, mganga mwingine alitafutwa. Ni nadra kuona mzimu ukiingizwa katika hesabu za fidia pamoja na migomba na nyumba. Ujenzi ulianza mwaka 2007, maporomoko yakazama mwaka 2011, na mtambo wa megawati 250 ukazinduliwa mwaka uliofuata. Kama badala yake serikali iliahidi kuyaacha maporomoko ya Kalagala, yaliyo chini zaidi na yenye ibada zake, lakini bwawa la tatu, Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, limepandisha maji karibu nayo.

Msafiri anayetoka Kisii hupitia Kisumu, Busia na Iganga, na akienda Jinja hushuka kabla basi halijafika daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Bustani ya chanzo iko mwendo mfupi kutoka mjini. Mashua huwapeleka wageni hadi penye kisiwa kidogo ambapo maji hububujika kutoka chini, na ng'ambo ya pili uko mnara wa Speke. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, rekodi ya wakati huo tangu vipimo vilipoanza, na kisiwa hicho pamoja na vibanda vya wauza vinyago vikafunikwa na maji. Tarehe 2 Oktoba, siku ya kuzaliwa kwa Gandhi, Wahindi wa Uganda na maafisa wa ubalozi huvisha sanamu yake mashada ya maua.