Innsbruck: Fedha, Msiba na Theluji

Wageni wengi hufika Innsbruck macho yakiwa juu, kwenye safu ya Nordkette inayousimamia mji upande wa kaskazini. Mji wenyewe huupita tu wakiwahi magari ya waya ya kwenda kuteleza. Wanakosa mengi, maana theluji iliingia katika historia ya mji huu mwishoni kabisa.

Kilichoujenga ni njia. Innsbruck iko magharibi mwa Austria, katika bonde la mto Inn, chini ya Brenner, upenyo wa mita 1,370 ambao ni miongoni mwa njia kuu zilizo chini zaidi za kuvuka Alps. Misafara kati ya Italia na Ujerumani ilipita hapa ikilipa ushuru. Ikaongezeka fedha ya machimbo ya Schwaz. Katika mji jirani wa Hall, mwaka 1486, ikafuliwa sarafu kubwa ya fedha iliyokuja kuwa mama wa sarafu zote ziitwazo taler.

Utajiri huo ulimvutia Kaizari Maximilian I. Roshani yake katika mji wa kale, iliyokamilika 1500, imeezekwa vigae 2,657 vya shaba iliyotiwa dhahabu. Ukiiona utadhani mwenyewe hakujua dhiki. Kumbe alikuwa mkopaji asiyechoka: yasimuliwa kwamba mwaka 1518 wenye nyumba za wageni wa Innsbruck walikataa kuwapokea watu wa msafara wake mpaka madeni ya zamani yalipwe. Januari iliyofuata akafariki, akazikwa Wiener Neustadt. Kaburi la fahari alilojengewa katika kanisa la Hofkirche ni tupu hadi leo, ingawa linalindwa na sanamu 28 za shaba za jamaa na mababu. Miongoni mwao yumo hata Mfalme Arthur wa hadithi za Waingereza. Maximilian hakuwa bahili wa nasaba.

Lakini mtu wa Pwani yetu na asimame zaidi kwenye tao lililo kusini mwa barabara ya Maria-Theresien. Agosti 1765 Maria Theresa, mtawala wa Austria, alikuwa hapa akimwoza mwanawe Leopold. Shangwe hazijapoa, mumewe, Kaizari Francis I, akafa ghafla. Tao la harusi likabebeshwa yote mawili: upande wa kusini michongo ya furaha, upande wa kaskazini ya kilio. Mjane hakuvua tena nguo za msiba hadi alipokufa 1780, na ndivyo anavyoonekana kwenye taler yake ya mwaka huo: mama mnene aliyejitanda shela la ujane. Sarafu hiyo iliendelea kufuliwa karne nzima iliyofuata bila kubadilishwa tarehe, na huko Zanzibar ikawa reale ya kuhesabia bei za karafuu na pembe za ndovu. Wazee wetu waliushika msiba wa Innsbruck viganjani, wala hawakuulizana marehemu ni nani.

Reli ya Brenner ilifunguliwa 1867, na magari ya waya ya Nordkette yakaanza kupanda 1928. Olimpiki ya majira ya baridi ilipokuja 1964, theluji ikagoma. Jeshi la Austria likakata matofali 20,000 ya barafu milimani kwa ajili ya njia za vigari vya kuteleza barafuni, likabeba na mita za ujazo 40,000 za theluji hadi kwenye miteremko. Mwaka 1976 michezo ikarudi tena, safari hii kwa sababu wapiga kura wa Colorado, Marekani, walikataa gharama za kuiandaa Denver. Mwaustria Franz Klammer akashuka kwa skii mlima Patscherkofel kwa kasi ya kutisha, akampita Mswisi Bernhard Russi kwa sekunde 0.33.

Kilima cha Bergisel, ambako Andreas Hofer na wakulima wa Tirol walipigana na majeshi ya Bavaria na Ufaransa mwaka 1809, sasa kina mnara wa kurukia kwa skii uliobuniwa na Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, na kukamilika 2002. Warukaji hushindana hapo mwanzoni mwa Januari. Asiye na moyo huo hupanda hadi mkahawa ulio juu ya mnara, akaagiza kahawa na kuutazama mji.