Meli Iliyopita Kilosa kwa Reli

Sisi tukaao Kilosa na Mikumi hatuna bahari wala ziwa, na habari za vyombo vya majini twazisikia kama habari za nchi ya mbali. Walakini iko meli moja ambayo, kabla ya kuelea katika Ziwa Tanganyika, ilipita Kilosa juu ya reli, vipande vipande, ndani ya masanduku. Habari zake zafaa kujulikana, maana zaonyesha jinsi mwenye busara aipimavyo hatari kabla haijamfikia.

Meli hiyo iliundwa na kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Iliitwa Graf von Goetzen, kwa jina la gavana mmoja wa Kijerumani aliyetawala nchi hii zamani. Ilipokwisha kuungwa ilifunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupakiwa katika gari la moshi. Reli ya Kati ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1905; ikapita Morogoro, Kilosa na Tabora, hata ikafika Kigoma mwaka 1914. Huko Kigoma fundi Anton Rüter na wenzake wawili, pamoja na vibarua wengi, waliviunga vipande vile, na meli ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliikaribia Kigoma, na Wajerumani wakaazimu kuizamisha meli yao isitwaliwe na adui. Lakini Rüter hakuiharibu. Alizipaka mashine mafuta mazito ya kuzuia kutu, akaijaza meli mchanga, kisha tarehe 26 Julai akaizamisha polepole, akitumaini kwamba siku moja itainuliwa. Wabelgiji waliiinua, lakini ikazama tena kwa dhoruba bandarini Kigoma mwaka 1920. Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Walipozichungua mashine waliona kwamba zingali zafaa kwa kazi. Basi tarehe 16 Mei 1927 meli ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba. Mashine za mvuke zilitumika hata miaka ya 1970, ndipo ikatiwa za dizeli. Na mwaka 2015, miaka mia tangu kushushwa majini, iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hata Kigoma.

Labda mtu atasema, "Chuma cha zamani kilikuwa bora." Lakini chuma chochote huliwa na kutu. Waundaji wa meli hupima mambo mawili: nguvu ya chombo, na ukali wa mambo yatakayokipiga, yaani mawimbi, upepo na shehena. Kati ya mambo hayo mawili huacha nafasi. Ndivyo afanyavyo mjenzi wa ghala: hachagui nguzo za kutosha mavuno ya mwaka wa kawaida tu, bali hufikiri pia mwaka wa neema. Tena nafasi ile hupungua kila mwaka kwa kutu na kuchakaa. Kwa hiyo chombo hukaguliwa mara kwa mara, na ubovu hutengenezwa ungali mdogo. Katika Uingereza mbunge Samuel Plimsoll alishindana kwa miaka mingi, hata sheria ya mwaka 1876 ikaamuru kila meli ya shehena iwe na alama ubavuni, kuonyesha mwisho wa kupakia.

Nafasi hiyo ikiliwa kwa tamaa, maafa huja. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430, lakini waliokufa tu walikaribia 900. Haikuhitaji mwamba wala vita ili kuangamia. Uzito ukizidi, hasa uzito wa juu, chombo hupoteza usawa wake, kama baiskeli iliyopakiwa magunia marefu ya mkaa: ikiinama kidogo tu, mzigo wenyewe huivuta chini. Hata hivyo, tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilipasa kuchukua watu yapata 100. Waliokufa walizidi 220. Maneno ya mwaka 1996 yalikuwa yamekwisha kusahauliwa.

Wala tusidhani mambo haya ni ya watu wa ziwani peke yao. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulibomoa tuta lake hapa Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makao, na reli ile ile iliyoipitisha meli ikakatwa na maji. Tuta ni kama ubavu wa meli: maji yako upande mmoja, watu upande wa pili, na katikati pana kitu kilichojengwa kwa mikono. Akatae majani yake kuliwa na mbuzi kila siku, na udongo wake kuchotwa kwa kufyatulia matofali, kila aishiye nyuma yake. Rüter alipaka mafuta mashine ambazo hakujua ni nani atakayezitumia. Nasi tuangalie tuta wakati wa kiangazi, mto ungali mdogo.